Kazini wakitafuta aliyevujisha siri, simu yako usiitoe kirahisi

Wadau, kuna kipindi ofisini kwetu karatasi ya mishahara ya mameneja ilivuja, ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikamfikia mkurugenzi mwenyewe. Tukaitwa mmoja mmoja, HR kaweka trei ya plastiki mezani, weka simu hapo na paswedi utaje. Wengi waliweka, mkate wao uko pale nawaelewa kabisa, ila mimi nikamwambia dada, imeili ya ofisi na laptopu ya ofisi kagueni mpaka mchoke, hii simu nimenunua mwenyewe, humu kuna majibu ya hospitali ya mama, nipeni barua mnatafuta nini na nani atasoma. Barua haikuja.

Kampuni ina haki ya kutafuta nani kavujisha, hilo silipingi, lakini itafute kwenye vitu vyake. Angalia HP, hawa wa printa, mwaka 2006. Mwenyekiti wa bodi Patricia Dunn alitaka kujua mjumbe gani anawapa waandishi habari za ndani, wapelelezi waliokodiwa wakajifanya wao ndo wale wajumbe na waandishi ili kampuni za simu ziwape rekodi. Kwa mjumbe Tom Perkins walitumia namba yake ya simu na tarakimu 4 za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii, ambayo Marekani inatumika kama NIDA yetu, basi, wakaingia kwenye akaunti yake ya simu. Aliyevujisha walimpata kweli, ila Dunn akaondoka na kampuni ikalipa jimbo la California dola milioni 14.5 kumaliza kesi.

Sasa fikiria faili lako la HR: namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, jina la mwenza. PIN na paswedi zako zisitoke humo hata kidogo. Na WhatsApp usiifungue kwenye kompyuta ya ofisi jamani, unaenda kula umeiacha wazi mtu anasoma mpaka ya ndoa yako.

Kwa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko, kwahiyo mkibanwa itajeni. Kama huna ujanja lazima uonyeshe, shika simu mwenyewe, fungua meseji wanayoiulizia tu, na ukitoka andika siku ileile nani alikuwepo na kaona nini.