Propofoli au Sevoflureni? Kwa Unayeanza Kuweka Barakoa ya Zoloto

Barakoa ya zoloto, aliyoibuni daktari Archie Brain mjini London mwaka 1981, ni kifaa kinachokaa kooni juu ya zoloto (kisanduku cha sauti) ili kupitisha hewa; haipenyi kati ya nyuzi za sauti kama lifanyavyo bomba la trakea (koo la hewa), na kwa sababu hiyo wengi wanaoanza kazi ya usingizi hudhani kwamba usingizi mwepesi unatosha kuiweka. Kumbuka kwamba kwa kawaida huiweka bila dawa ya kulegeza misuli. Kazi yote ya kulegeza taya na kutuliza koo inaiangukia dawa ya usingizi yenyewe, na hapo ndipo dawa ya mshipa na dawa ya kuvuta zinapoachana.

Propofoli, dawa ya mshipa, kwa mtu mzima mwenye afya hutolewa miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito, na kwa mzee hupunguzwa. Sifa yake kubwa ni kuizima mapema miitikio ya koo, kama kukohoa na kujifunga, jambo ambalo thiopentali, dawa nyingine ya mshipa, haiwezi kwa kiwango hicho. Ndiyo maana kinywa hufunguka upesi na kifaa huingia mara nyingi kwa jaribio la kwanza. Ubaya wake nao huja upesi: mkono huuma wakati wa kudunga, presha hushuka, na mgonjwa huacha kupumua kwa muda, hasa ukitanguliza fentanili, dawa kali ya maumivu.

Sevoflureni, dawa ya kuvuta, haiwashi koo kama wenzake desflureni au isoflureni, kwa hiyo mtu mzima anaweza kuivuta kwa asilimia 8 tangu pumzi ya kwanza. Mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, na hiyo ni faida ninayoithamini sana ninapokuwa na wasiwasi juu ya njia ya hewa. Hata hivyo kichefuchefu baada ya upasuaji ni kingi zaidi, na haifai kabisa kwa mwenye historia ya joto kali hatari la usingizi (hali ya kurithi ambayo dawa za kuvuta huupandisha mwili joto kwa hatari), yeye au jamaa zake. Tena, taya huchelewa kulegea, na kuchelewa huku ndiko kulikoniingiza mimi matatani.

Nilikuwa bado mwanafunzi. Nilimlaza mama mmoja wa makamo kwa sevoflureni, na kabla dakika haijatimia nikamgusa kope, hazikutikisika. Nikaondoa barakoa ya uso, nikajaribu kumfungua kinywa, nikakuta meno yamebana. Badala ya kusubiri nililazimisha. Kifaa kilipogusa nyuma ya ulimi alikohoa mara mbili, kisha kifua kikawa kinahangaika bila hewa kupita, kwa maana zoloto lilikuwa limejifunga. Mkufunzi wangu alirudisha barakoa ya uso, akalivuta taya mbele, akaubana mfuko wa oksijeni kwa shinikizo lisiloachia, akaongeza propofoli kidogo mshipani. Oksijeni ya damu ilifika asilimia 84 kabla ya kupanda tena. Mama yule aliamka salama, lakini sauti ile ya mashine ya kupima oksijeni ikishuka noti baada ya noti ninaisikia hadi leo.

Kosa langu lilikuwa kuiamini kope. Kope hukuambia kwamba fahamu zimeondoka. Haikuambii lolote juu ya koo. Kipimo ninachokitegemea sasa ni kulisukuma taya mbele kwa nguvu kwa vidole vya mikono yote miwili: mgonjwa akikunja uso, akisogeza mkono au akibadili mwendo wa kupumua, bado. Kwa propofoli kipimo hiki hupita mapema, ila usichelewe baada ya hapo, kwa kuwa dawa huondoka kwenye ubongo na kusambaa mwilini ndani ya dakika chache. Kwa sevoflureni ujue pia kwamba dakika unapoondoa barakoa ya uso, dawa imekatika, na kila pumzi ya hewa ya chumbani inamrudisha mgonjwa juu. Kwa hiyo kifaa kiwe kimeshapakwa jeli na kiko mkononi kabla hujaiondoa, na kanula (kijibomba cha kupitishia dawa) iwe mshipani kabla hujaanza.

Ukiniuliza binafsi, kwa mtu mzima asiye na tatizo la moyo wala la njia ya hewa ninaanza na propofoli. Ninapochagua sevoflureni, nalisukuma taya, na nikihisi ukinzani hata kidogo sikifungui kinywa. Ninaiacha barakoa ya uso mahali pake na kuhesabu pumzi 10 nyingine kabla ya kupima tena.