Mkono kwa wanafunzi wa Kichina: kwa mwalimu anayeanza

Mwalimu mwenzangu, umeniuliza uanze na nini utakapoingia darasani kuwafundisha Wachina Kiswahili. Anza na mwili, na katika mwili anza na mkono. Moyo uache kwanza. Ukiugusa moyo, roho nayo itataka maelezo, na mwanafunzi wa wiki ya pili hajafika huko. Mkono unaonekana, unashikika, na kila mtu kaja nao darasani.

Kiswahili kinafundishwa vyuoni Beijing tangu miaka ya 1960, kwa hiyo mara mojamoja utakutana na Mchina aliyekisoma chuoni na anakimwaga vizuri. Wengi wanaokuja kwetu hapa Dar es Salaam si hao. Ni wafanyabiashara wa Kariakoo, wahandisi wa barabara, vijana waliotumwa na kampuni zao kwa mkataba wa miaka miwili. Wana kamusi kwenye simu, wana haraka, na wanataka neno moja liwe na maana moja. Mimi mwanzoni niliwapa walichotaka. Niliandika ubaoni “mkono”, wao wakaandika pembeni “shou”, tukaendelea na mguu. Haikupita wiki mbili nikagundua kwamba neno nililodhani tumelimaliza ndilo lililokuwa likiwakwaza kila siku.

Kwanza sauti, maana hapo ndipo watu hukata tamaa mapema. Watakwambia “mukono”, na Mukono ni mji wa Uganda, mashariki ya Kampala. Kichina hakianzi neno kwa m iliyosimama peke yake mbele ya konsonanti nyingine. Waambie wafumbe midomo na kuimba m kidogo, kama mtu anayekubali jambo bila kufungua kinywa, halafu waachie “kono”. Kuhusu k, kuna jambo ambalo lingeniokolea miezi kama ningeambiwa mapema: k ya Kichina inatoka na pumzi nyingi. Iliyo karibu na k yetu ni ile wanayoiandika g wanapoandika lugha yao kwa herufi za Kilatini. Wape kipande cha karatasi wakishike mbele ya mdomo wakisema “mkono”. Karatasi ikiruka, pumzi imezidi.

G yetu sasa ndiyo inayobaki na shida. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kwenda zahanati akieleza kwamba mkono unamuuma, akapewa dawa ya kuchua mgongo. Alikuwa hajatenganisha mkono na mgongo, na kwa bahati mbaya hakuonyesha kwa kidole. Yafundishe maneno hayo mawili siku moja, bega kwa bega, wakisimama na kujigusa.

Sasa mipaka. Mkono wetu unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. “Shou” yao inaishia kwenye kifundo. Kuanzia hapo kwenda juu wana neno lingine, “gebo”. Kiingereza nacho kinagawa vivyo hivyo, kwa hiyo aliyepitia kamusi ya Kiingereza anakuwa amethibitishiwa kosa lake mara mbili. Nilikuwa na msimamizi wa ujenzi aliyeambiwa kwamba fundi ameanguka jukwaani na kuvunjika mkono. Akatuma taarifa kwa wakubwa zake kwa Kichina, akaandika “shou”. Picha ya hospitali ilipofika ilionyesha mfupa umevunjika juu ya kiwiko, na wakubwa wakaanza kumuuliza kama fundi ameumia mara mbili au yeye anaficha jambo. Alikuja darasani akiwa amekasirika, na hasira yake nilistahili mimi.

Siku hizi nakwenda na shati. Shati la mikono mirefu linaeleza kila kitu kwa sekunde chache: mkono wa shati unaanzia hapa begani, basi na mkono wa mtu unaanzia hapohapo. Ndipo nawapa bega, kiwiko, kifundo cha mkono na kiganja. Kamusi zina neno kigasha kwa sehemu ya kati ya kiwiko na kiganja, zuri sana, lakini mtaani hawatalisikia mara nyingi. Wafundishe kusema “juu ya kiwiko” na “chini ya kiwiko”, na wakifika hospitali waulize: mkono, sehemu gani?

Kuna saa moja darasani ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimeandika “mkono wa kulia”, na binti mmoja, mtaratibu, mwenye daftari safi, akainua mkono akauliza kwa nini mkono unalia. Alikuwa amejifunza “mtoto analia” siku iliyotangulia. Nikamweleza kwamba kulia huku kunatoka kwenye kula: ni mkono wa kulia chakula. Akanyamaza kidogo. Kisha akaja ubaoni, akaomba chaki, akaandika herufi ya Kichina ya upande wa kulia, 右, akazungushia kisanduku kilicho chini yake. “Hiki ni kinywa,” akasema. Ndani ya herufi yao ya kulia mna kinywa. Akaandika na ya kushoto, 左, akaonyesha kwamba pale chini pana alama ya kazi. Darasa zima liliguna. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyechanganya kulia na kushoto, na mimi nikajua kwamba kabla ya kueleza neno lazima niwaulize lao limeundwaje. Ukipata nafasi, waambie pia kwamba pwani husemwa mkono wa kuume na mkono wa kike. Wanapenda kujua, ingawa hawatayatumia sana.

Hapo usiache kueleza adabu. Kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto peke yake kwetu ni kumkosea, hasa mzee. Wao wana desturi ya kukabidhi kwa mikono miwili, kadi ya biashara au zawadi, na hiyo inapokelewa vizuri sana huku. Kwa hiyo usiwaambie “acheni kushoto”. Waambie waendelee na mikono yao miwili, na wakiwa wameshika kitu kingine watumie wa kulia.

Zipo sehemu ambazo lugha hizi mbili zinakutana kabisa, na ni vizuri kuanza nazo kwa sababu zinawapa moyo. Simu ya mkononi kwao ni “shouji”, mashine ya mkono. Hawahitaji maelezo. Lakini furaha hiyo inawavuta mbele kupita kiasi. Kitu kilichokwishatumika kwao ni “ershou”, mkono wa pili, kama ilivyo kwa Kiingereza. Basi utamsikia mtu Kariakoo anauliza bei ya “nguo za mkono wa pili”, na muuzaji anamtazama tu. Sisi tunasema mtumba. Mtumba ni mzigo, neno linatazama robota lililofungwa na halimtazami aliyevaa kabla yako. Mwonyeshe robota lenyewe.

Kosa lingine linakuja kwa njia ya Kiingereza. Mtu anataka kusaidiwa kubeba sanduku, anasema “nipe mkono”. Nimeliona kwa macho yangu: mpagazi aliweka chini mzigo wake, akafuta kiganja kwenye suruali, akampa mkono kwa heshima zote, “Karibu, bosi.” Kwetu kupeana mikono ni kusalimiana au kukubaliana. Anayetaka msaada aseme “nisaidie”, au “nishike mkono” akiwa na shida ya maisha, au “nipige tafu” akiwa na vijana wenzake.

Na ndani ya “nipe mkono” kuna kona nyingine, ambayo mimi mwenyewe, mtoto wa pwani, sikuwahi kuiona mpaka mwanafunzi aliponiletea. Siku ya Idi watoto wa jirani walimfuata mlangoni wamevaa nguo mpya, wakamwambia “Mkono wa Idi!” Akawapa mkono mmoja mmoja, wote sita, akitabasamu. Hawakuondoka. Akawapa tena. Nilipomweleza kwamba mkono wa Idi ni hela kidogo anayopewa mtoto kwa sikukuu, alijishika kichwa: kumbe ni “hongbao”, bahasha nyekundu wanazowapa watoto mwaka mpya wa Kichina! Jioni ile akawatafuta watoto nyumba kwa nyumba.

Ila usiishie hapo, maana ukiacha mkono ubaki kuwa ni hela ya furaha, umemtega. Kuna mkono wa pole. Mtu akifiwa, tunakwenda kumpa mkono wa pole, na mara nyingi unaambatana na rambirambi. Kwao bahasha nyekundu ni ya shangwe, na msiba unakwenda na nyeupe. Mwambie waziwazi: mkono wa Idi weka kwenye nyekundu ukipenda, lakini msibani nyekundu yako uiache nyumbani.

Nahau zenyewe sasa. Usiwape orodha. Nilikuwa nayo, ya nahau ishirini na kitu, waliikariri na hawakuitumia hata siku moja. Leta birika darasani. Liweke mezani, kisha jishike kiuno kwa mkono mmoja, uwe kama birika lenyewe. Waulize: mkono huu umekunjwa hivi, unaweza kunyooka ukampa mtu kitu? Hauwezi. Basi mtu bahili ana mkono wa birika. Wao watakupa jogoo wa chuma, “tie gongji”: hata umnyonyoe vipi, hatoi unyoya mmoja. Wakikwambia hivyo, ujue wameelewa, na hawatasahau.

Kinyume chake kuna mwenye mkono wazi, mkarimu. Wao wana “da shou da jiao”, mikono mikubwa na miguu mikubwa, na mwanafunzi atakuambia kwa uhakika kwamba ndiyo hiyohiyo. Mkatalie. Hiyo yao ni ya mtu anayefuja mali. Ukimwita mwenyeji aliyekukaribisha pilau mwenye mkono wazi, umemsifu. Ukimfikiria kama mikono mikubwa na miguu mikubwa, umemwona mbadhirifu.

Mkono mrefu wanaudaka upesi. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mdokozi, hakai na cha mtu bila kukigusa. Wao humwita mchomoa mifuko “san zhi shou”, mikono mitatu. Nikiwauliza wa tatu uko wapi, hucheka na kuutia mfukoni mwa jirani. Waambie pia kwamba tukisema mkono wa serikali ni mrefu hatusemi serikali inaiba. Tunasema inafika kila mahali. Nao wana mkono mfupi, ambao nauona kuwa miongoni mwa misemo mizuri niliyofundishwa na wanafunzi: aliyepokea cha mtu, mkono wake unafupika, yaani hawezi tena kumkatalia wala kumshika akikosea. Sisi hatuna nahau ya mkono inayosema hivyo hasa, na huwa nawaacha walieleze kwa Kiswahili chao wenyewe. Ni zoezi zuri la kuzungumza kuliko lolote lililo kitabuni.

Kuunga mkono watalihitaji kazini na kwenye taarifa ya habari, “naunga mkono hoja”. Shida ni kwamba unga wameujua mapema kwenye sima na chapati, na kwenye daftari la kijana mmoja nilikuta amechora kiganja kimejaa vumbi jeupe. Waonyeshe kuunga kwa kamba mbili, fundo moja. Kisha waonyeshe kwamba hapa mkono haubadiliki kuwa mikono hata wakiwa watu mia: “wote waliunga mkono”. Lugha yao haina umoja na wingi kama wetu, kwa hiyo wakishajua m- na mi- huwa wanaiweka kila mahali kwa bidii.

Methali ziweke mwisho, na uwe macho nazo. “Mkono mtupu haulambwi” haina matata, maana kwao mgeni haji mikono mitupu. “Mkono usioweza kuukata, ubusu” inawagusa sana wafanyabiashara. Mmoja aliiandika kwenye karatasi akaibandika juu ya meza yake ya duka. Penye hatari ni “mkono mmoja haulei mwana”. Watakuambia wanayo: kiganja kimoja hakitoi mlio. Inafanana kwa sura, lakini yao husemwa zaidi kwenye ugomvi, kwamba mmoja hagombani peke yake, wote wana makosa.

Mwanafunzi wangu mwenye stoo alikuwa na vijana wawili waliokuwa wakigombana kwa sababu ya funguo. Akawasimamisha, akawaambia kwa ukali: “Mkono mmoja haulei mwana!” Alikusudia kuwakemea wote wawili. Wale wakasikia kwamba tajiri anawasihi washirikiane. Wakatazamana, mmoja akasema “Kweli, bosi,” wakapeana mikono na kurudi kupanga maboksi. Alinipigia simu usiku uleule kuniuliza amesema nini. Nikamweleza, na nikampa maneno ya kutumia siku nyingine akitaka kukemea: “Nyote wawili mna makosa.” Akayaandika, lakini akasema kwa wale vijana ataendelea na ile ya kwanza.