Tenganisha mabaki ya vijiti vya kioo kabla ya kuwasha tanuri

Sahani yangu ya kwanza ya mabaki ilitoka tanurini ikiwa nzima. Siku ya tatu nikaikuta imegawanyika vipande viwili, na ufa umefuata mpaka wa kijiti cheupe na cha bluu kama uliochorwa kwa rula. Nilikuwa nimechanganya vioo visivyopatana.

Kila aina ya kioo hutanuka na kunywea kwa kiwango chake. Vijiti laini vya kutengenezea shanga, kama vya kampuni ya Effetre ya Italia, vina kipimo cha kutanuka cha 104. Vioo vingi vya kuyeyushia tanurini ni 90 au 96, na borosiliketi, kioo kigumu kinachostahimili joto, ni 33. Ukivichanganya, hakuna upozaji utakaokuokoa, hata uchukue wiki nzima.

Kama kijiti hakina alama, mimi hukipima kwenye mwali wa moto. Nakiunganisha ubavu kwa ubavu na kipande ninachokijua, nayeyusha ncha, kisha navuta uzi mwembamba. Ukipoa umenyooka, vinapatana. Ukipinda, kijiti hicho nakiweka kando, hata rangi yake iwe nzuri vipi.

Osha vijiti, vikaushe kabisa, uvipange kwenye rafu iliyopakwa dawa ya kuzuia kioo kisigande. Kwa vijiti vya 104 vyenye unene wa milimita 6 hivi, napandisha nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa hadi 540, kisha naenda haraka hadi 780 kwa dakika kumi. Kioo hiki kikikawia kwenye joto la juu huota utando mweupe, kwa hiyo usikibembeleze huko. Nashuka moja kwa moja hadi 515 na kutulia saa nzima. Baada ya hapo nyuzi 50 kwa saa hadi 370, ndipo nazima. Tanuri za watu hutofautiana, rekebisha kidogo kidogo. Mlango naufungua asubuhi, kioo kikishikika kwa mkono mtupu. Najua hamu ya kuchungulia ilivyo, vumilia.

Kikipasuka bado, kagua kingo za ufa. Zikiwa za mviringo, kilipasuka wakati wa kupanda na moto ukazilainisha, basi anza taratibu zaidi. Zikiwa kali kama wembe, kilipasuka kikipoa: ongeza muda pale kwenye 515, na urudie kipimo cha uzi kwa kila rangi iliyokuwemo.