Chumvi ya Lindi kwenda Mueda: cheti cha Afrika Mashariki au cha SADC?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafanya biashara Lindi mjini. Nimepata mteja Mueda, Msumbiji. Anataka chumvi ya huku kwetu pamoja na mabeseni ya plastiki ninayonunua kwa jumla Kariakoo. Mwenzangu anayepeleka mzigo Mombasa ananishauri nichukue cheti cha uasili wa bidhaa cha Afrika Mashariki kama chake, maana yeye halipi ushuru. Mwingine anasema hapana, ni cha SADC, ile jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Kipi kinafaa? Na upande wa pili wakikikataa, hiyo SADC itanisaidia nini?

JIBU: Ndugu yangu, chukua cha SADC, na kwa sasa kichukue kwa ajili ya chumvi tu. Mabeseni nitayafikia.

Cheti cha mwenzako kinakubalika Mombasa kwa sababu Kenya na Tanzania zimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005. Msumbiji haimo, hata kama tunatenganishwa nayo na mto Ruvuma tu. SADC ndiyo meza ambayo nchi zetu mbili zimekaa pamoja tangu mwanzo: zilikuwepo Lusaka mwaka 1980, wakati nchi za kusini mwa Afrika zilipoungana ili zisiendelee kuitegemea Afrika Kusini ya makaburu, na zilikuwepo Windhoek mwaka 1992 umoja huo ulipogeuzwa kuwa jumuiya.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wafanyabiashara wengi wanapoumia. SADC si serikali iliyo juu ya serikali zetu. Sekretarieti iko Gaborone, na haitozi wala haisamehe ushuru wa mtu yeyote. Kazi yake ni kusimamia ahadi ambazo nchi zimeandikiana. Ahadi inayokuhusu wewe ni Itifaki ya Biashara ya 1996, iliyozaa eneo huru la biashara mwaka 2008. Walioanza nalo ni nchi 12, sisi na Msumbiji tukiwemo. Nchi ikishairidhia itifaki, inaziingiza nafuu zile katika sheria zake yenyewe. Kwa hiyo afisa wa forodha kule Negomano, kituo cha mpakani upande wa Msumbiji, anapokuondolea ushuru, anatekeleza sheria ya Msumbiji. Naye atakuondolea endapo tu utamthibitishia kwamba mzigo umezalishwa ndani ya nchi wanachama. Uthibitisho huo ndio cheti cha uasili wa bidhaa.

Kwa chumvi, kazi ni nyepesi. Maji ni ya bahari yetu, jua ni letu, na imevunwa hapahapa, kwa hiyo asili yake yote ni Tanzania. Nenda TCCIA, yaani chemba ya wafanyabiashara wa Tanzania inayotoa vyeti hivi, ukiwa na ankara na maelezo ya shamba ilikotoka. Hakikisha namba ya bidhaa (chumvi inaanzia na 2501), uzito na idadi ya magunia vinafanana kwenye karatasi zote, kuanzia ankara, cheti hadi tamko la forodha. Usidharau hili. Nchi wanachama hupelekeana mapema, kupitia Sekretarieti, sampuli za mihuri na saini za maofisa wanaoruhusiwa kutoa vyeti, na afisa wa ng'ambo anaweza kuvilinganisha. Akitia shaka, ana haki ya kuomba Tanzania ihakiki cheti, na uhakiki unaweza kuchukua muda.

Mabeseni ni habari nyingine. Kuyanunua Kariakoo hakuyafanyi kuwa ya Tanzania. Kama yametoka China, yataingia Msumbiji kama mzigo wa China na mteja atalipa ushuru wa kawaida. Kama yametengenezwa na kiwanda cha hapa nchini, yanaweza kupata nafuu, ila itabidi kiwanda kikupe tamko linaloonyesha malighafi imetoka wapi na imebadilishwa kiasi gani, kisha lipimwe kwa kanuni ya uasili ya bidhaa hiyo. Bila tamko, usiyachomeke kwenye cheti cha chumvi. Utaitia doa hata ile chumvi ambayo haina tatizo.

Mweleze mteja pia kwamba ushuru kuwa sifuri hakufuti kodi nyingine. Kuna IVA, kodi yao ya ongezeko la thamani, ambayo tangu 2023 ni asilimia 16. Itifaki haiigusi.

Sasa, wakikataa? Omba sababu kwa maandishi, zikiwa na tarehe na jina la kituo. Wewe binafsi huwezi kuishtaki Msumbiji mbele ya SADC kama ambavyo raia anaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. SADC ilikuwa na mahakama yake iliyopokea malalamiko ya watu binafsi, lakini wakuu wa nchi waliisimamisha mwaka 2010 baada ya hukumu zake dhidi ya Zimbabwe. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa, na wafanyabiashara wadogo ndio wanaolipia. Njia iliyobaki ni ya serikali kwa serikali. Upo mfumo wa mtandaoni wa pamoja wa jumuiya tatu, yaani COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), EAC (Afrika Mashariki) na SADC, wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru wenyewe, na mtu yeyote anaweza kuingiza lalamiko lake. Likiingia, waratibu wa nchi zote mbili wanatakiwa kulijibu. Nakala ipeleke wizara yetu inayoshughulikia biashara. Karatasi ile yenye sababu ndiyo itakayolipa nguvu lalamiko lako.

Kuhusu njia, kwa gari la mzigo pita Masasi, Mangaka, kisha Mtambaswala uvuke Daraja la Umoja, lililofunguliwa 2010. Kilambo ni karibu zaidi ukitokea Mtwara mjini, lakini kule unategemea kivuko. Na kabla hujapakia, mwombe mteja akutumie NUIT, yaani namba yake ya mlipakodi, pamoja na jina la wakala wake wa forodha. Mtumie wakala huyo picha ya cheti na ankara azipitie kwanza, gari likiwa bado Lindi.