Mkono Tumboni: Kwa Mwanafunzi wa Uuguzi Anayeingia Leba Mara ya Kwanza

Wanafunzi wapya wakiletwa wodi ya wazazi hapa Lamu, swali lao la kwanza ni lile lile: "Sista, nitapima njia lini?" yaani kuingiza vidole kujua mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi. Nawaelewa. Sentimita ndizo zinazojaza kitabu cha mazoezi na kutiwa sahihi. Mimi humpa mwanafunzi kiti, nikamwambia akae kando ya mama, aweke mkono juu ya tumbo, atulie dakika 10.

Dakika 10 kwa mwenye haraka ni nyingi mno. Kiganja kikae sehemu ya juu ya kizazi, usibonyeze. Mwanzo tumbo ni laini. Kisha utalihisi likikaza chini ya kiganja, pengine kabla mama hajakunja uso, mpaka kidole hakididimii tena. Anza kuhesabu hapo. Limelegea kabla ya sekunde 20? Limefika 40? Limepita? Ngoja jingine. Mama ambaye tumbo linakaza mara tatu au nne katika dakika hizo, kila mara kupita sekunde 40, yuko kazini kweli. Anayepiga kelele huku tumbo limekaza mara moja tu, huenda bado ana safari. Na kimya nacho kisikudanganye: wako wanawake wa visiwani hawatoi hata sauti, wanashika ukingo wa kitanda na kuvuta uradi, ukija kushtuka kichwa kishaonekana.

Mkono huo huo ushushe hadi juu ya mfupa wa kinena, ukisie kichwa cha mtoto kimebaki sehemu ngapi kati ya tano juu ya mfupa huo. Njia ikiwa sentimita 7 na kichwa chote bado kinaelea juu, usifurahie, mwite mkunga. Njia yenyewe kwa kawaida hupimwa kila baada ya saa 4, si kila mwanafunzi anapopita, kwani kila mkono unaoingia unaweza kupeleka wadudu. Omba ruhusa, vuta pazia, mfunike leso magotini.

Kuhusu saa: mama wa Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, huenda alingoja maji yajae ndipo boti ipite mkondo wa Mkanda, kwa hiyo saa aliyofika haikwambii uchungu ulianza lini. Muulize kwa adhana: kabla ya Isha au baada? Jibu huja sawasawa. Kisha uandike ukiwa macho. Nimeona "saa nane usiku" ikiingia kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, kama 8 asubuhi, saa 6 za uchungu zikapotea hivi hivi. Na usishangae vitabu vikigombana: vya zamani vinahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 4, Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema 5. Tazama fomu ya wodi uliyopo.

Kusukuma sitakusimulia sana, utafundishwa na kila mtu tena kwa sauti kubwa. Wewe sikiliza moyo wa mtoto kila dakika 5. Upige kati ya mara 110 na 160 kwa dakika.

Nataka tukae kwenye yanayofuata. Nilikuwa mwanafunzi, zamu ya usiku, hospitali nyingine. Mtoto akatoka, akalia, sote tukamgeukia. Mimi namfuta, namweka kwenye mizani, meno yote nje. Mama akasema tu, "Sista, naona baridi." Joto la kaskazi lile, feni imesimama, nani anaona baridi? Mkunga wa zamu akafunua leso: godoro limelowa damu. Akaukamata mkono wangu akauweka tumboni. Kizazi kilikuwa laini kama unga uliokandwa, kimepanda juu ya kitovu na kuegemea kulia. Kibofu kilikuwa kimejaa, kinakizuia kizazi kukaza, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akatia mpira, mkojo ukatoka mwingi, huku tunasugua, na chini ya kiganja changu kizazi kikajikusanya kikawa kigumu kama nazi. Mama alipona. Mimi sikula siku ile.

Kwa hiyo mtoto akishatoka, mpe mama yake kifuani, umfute hapo hapo, mkono wako urudi tumboni. Hakikisha hakuna pacha, ndipo uchome oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10 pajani, ndani ya dakika moja. Dawa hiyo ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto letu, chupa iliyosahauliwa dirishani usiitegemee. Kitovu kisikatwe mbio, subiri dakika moja hadi tatu. Kondo likitoka lipindue, ulitazame lote, kipande kilichobaki ndani huzuia kizazi kukaza.

Halafu kila dakika 15 kwa saa 2: tumbo, damu, mapigo, presha. Ndugu watakuwa mlangoni na chupa ya uji, wanataka kumwona mtoto. Wakaribishe, lakini kwanza muulize mama kama amekojoa.