Kliniki ya Saa Mbili, Treni ya Saa Mbili

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama usafiri wa abiria kwa treni nchini Kenya umeimarika au umerudi nyuma. Kwa anayetoka Mombasa kwenda Nairobi moja kwa moja umeimarika, na hilo silibishi. Treni ya zamani, iliyopita kwenye reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, iliondoka jioni ikafika kesho yake, tena mara nyingi kwa kuchelewa sana. Ilhali tangu Madaraka Express, treni ya reli mpya ya SGR, ianze kazi mwaka 2017, mwendo huo wa takriban kilomita 470 humalizika kwa saa tano au sita. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na imewauma wengi, ila bado watu wanaipanda.

Wasiwasi wangu ni kwa wanaokaa katikati ya njia.

Shangazi yangu anaishi Miasenyi, kaunti ya Taita-Taveta, na huja kliniki ya presha hapa mjini. Kadi yake, ambayo huihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho, imeandikwa saa mbili asubuhi. Treni inayosimama kwao ni ile ya vituo vya kati, moja kwa siku kila upande, nayo huondoka Nairobi saa mbili asubuhi, saa ile ile ambayo yeye anatakiwa awe ameshaketi kwenye benchi la hospitali. Hupitia Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi kabla ya kumfikia, ikashusha abiria Miritini, stesheni ya mwisho hapa Mombasa, mchana saa nane na kitu. Kwa hiyo hana budi kuja siku moja kabla na kulala kwetu Kisauni. Kesho yake, wakati anapimwa mkono, treni ya kumrudisha inang'oa nanga Miritini, kwani nayo huondoka saa mbili asubuhi. Analala usiku wa pili. Kupimwa presha kwa dakika chache kunamgharimu siku tatu, na kuku wake hubaki mikononi mwa jirani. Ndiyo maana siku hizi hupanda basi alfajiri na kubanana na malori barabarani, akiwa na umri wa miaka sabini na mbili, huku reli ikipita karibu na kwao.

Najua njia ni moja, treni hulazimika kupishana stesheni, na mizigo ya bandarini nayo inataka nafasi yake. Hata hivyo, reli ya zamani ya Nanyuki ilirudishiwa treni ya abiria mwaka 2020, na ya Kisumu mwaka 2021, baada ya miaka ya ukimya, kwa hiyo yanawezekana watu wakiamua. Ninachoomba ni treni fupi, hata ya mabehewa manne, ilale Voi, iondoke kabla ya jua kuchomoza, isimame Miasenyi na Mariakani, ifike Miritini mapema kiasi cha mgonjwa kuwahi kliniki, mwanafunzi kuwahi chuo na mama wa mboga kuwahi soko, kisha jioni iwarudishe makwao.

Msomaji, Kisauni, Mombasa