Nesi kaniita teja mbele ya foleni

Shikamoo Bibi. Mwezi wa nne huu nakunywa methadoni, dawa ya kuniachisha heroini, hapa Tanga. Natoka Makorora na baiskeli kila asubuhi. Nikimeza, nesi ananiambia, "Taja jina, fungua mdomo." Juzi akaniita teja, watu wanasikia. Niache?

Marahaba mwanangu. Usiache, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, unaijua mwenyewe. Kukusemesha ni kuhakikisha umemeza. Wapo wanaoibana shavuni wakaiuze nje. (Nami nilikuwa nesi, nimekagua midomo mpaka nikachoka.) Hilo la "teja" ni utovu wa adabu tu. Mwambie pembeni foleni ikiisha, au mwone mshauri nasaha. Ila ukikosa siku tatu mfululizo, sema kabla nesi hajakumiminia: dozi uliyokuwa ukinywa inaweza kukuua, maana mwili umeanza kuisahau.